Nyasi Zina Homa, Muuguzi Ni Mimi

Wisconsin, mwisho wa Oktoba

Mama, Baba Mdogo, na nyote mliokaa hapo nje mkingoja chai,

Jana usiku nilifungwa kamba kiunoni. Msishtuke, sikuiba kitu. Nilipandishwa juu ya rundo la nyasi ghalani, mwenye shamba akabaki chini ameshika ncha ya pili ya kamba, nami nikawa natembea juu ya mbao alizozitandaza, mkononi nina chuma kirefu kunishinda mimi mwenyewe. Kazi ilikuwa kukidunga hicho chuma hadi katikati ya nyasi, kungoja kidogo, kisha kusoma joto. Ndiyo, Mama. Huku nyasi hupimwa homa.

Na homa yenyewe si ya mchezo. Nyasi zikifungwa kabla hazijakauka sawasawa, vijidudu huzishambulia na kutoa joto, na joto hilo halina pa kutokea kwa kuwa marobota yamebanana. Wakulima wa hapa wanazijua namba zake kuliko siku za kuzaliwa za wake zao. Zikifika nyuzi 65 za Selsiasi, pima asubuhi na jioni. Zikikaribia 80, ita zimamoto. Na usithubutu kuvuta robota ili uchungulie, maana hewa ikiingia tu, kilichokuwa kikifukuta kinalipuka. Mbao na kamba zina sababu yake: huenda katikati ya rundo pameshaungua pakabaki shimo, na wewe huku juu unaona nyasi nzima kabisa. Ukitumbukia, unavutwa. Hatari hii huweza kuendelea hadi wiki sita hivi tangu kufunga, na hizi zetu ni za mkato wa mwisho, wa Septemba, uliopata manyunyu.

Nilimuuliza huyo mzee mwenye shamba kwa adabu kwa nini asipande yeye. Akanijibu kwamba yeye ni mzito, halafu ndiye mwenye namba ya zimamoto.

Kumbukeni kwamba kazi hii niliipata kwa kujaza kwenye fomu kuwa nina tajriba ya mifugo tangu utotoni. Sikueleza kuwa ni mbuzi wa Mama, wala kwamba tajriba yenyewe ni kuwafukuza kwenye mboga za jirani kabla hajatoka nje.

Hili jimbo limeandika habari za maziwa hadi kwenye namba za magari, na kwa miezi mitano au sita ng'ombe hawapati jani bichi la kutafuna. Theluji ya kwanza imeshadondoka. Kwa hiyo kiangazi kizima watu wanahangaika na nyasi: kukata, kugeuza, kukusanya, kufunga. Baba Mdogo, unalikumbuka lile boksi la mbao, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, ambalo unajaza nyasi, mtoto anaingia kukanyaga, unafunga kamba na kupata robota la kilo 15 hadi 20? Hapa trekta hukokota mashine inayomeza nyasi zilizopangwa mstari, inazizungusha tumboni hadi inapiga kengele, kisha mlango wa nyuma unafunguka na robota la karibu nusu tani linabingirika nje. Hakuna mtoto aliyekanyaga kitu. Watoto wako ndani na simu zao.

Kabla ya kufunga kuna kipima unyevu. Robota dogo lisizidi asilimia 20, kubwa lisizidi 18. Mzee anacho kifaa, kina skrini na betri, lakini kikishasema anakiweka mfukoni, anachukua nyasi ganjani, anazisokota, anazinusa, ndipo anaamua. Siku ya kwanza kuona hivyo nilimheshimu sana. Hata kwetu kuna wazee wa namna hiyo, ila hawana kifaa cha kukidharau.

Yale marobota yanayolala nje ndiyo yenye sheria za ajabu. Yapangwe kwa mistari ya kaskazini na kusini, jua lipate kukausha pande zote mbili. Yagusane bapa kwa bapa, lakini mistari iachane mita moja hivi hewa ipite. Chini pawe na kokoto au paleti, kamwe si udongo mtupu. Yasikae chini ya mti. Nilicheka moyoni, kwa kuwa huko kwetu Voi jua lenyewe liko utosini, halina habari na kaskazini wala kusini, na chini ya mti ndipo tunapoweka kila kitu, wakiwemo wazee. Mzee akanichorea kwenye vumbi: robota la upana wa mita moja na nusu likioza sentimita 15 tu za nje, zaidi ya theluthi ya nyasi imekwenda. Nilipiga hesabu usiku kitandani. Ni kweli.

Akaniuliza sisi huko tunakabiliana vipi na panya ghalani. Nikamwambia panya si hoja, hoja ni ndovu wa mbuga ya Tsavo. Akangoja nicheke. Sikucheka. Tangu hapo ananiangalia kwa jicho jingine, nami sijaona haja ya kumwambia kuwa ndovu akija mimi huwa chini ya kitanda.

Marobota madogo bado yanafungwa kwa kamba ya mkonge. Niliposhika ya kwanza niliinusa kama mwendawazimu, nikaona kabisa mashamba ya mkonge ya Mwatate na Voi, na lile vumbi jekundu linaloganda kwenye shati. Na mnajua? Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kwenda Tanga, ikafika hai 62 tu. Mkonge ulitoka huku ukaja kwetu, mimi nikatoka kwetu nikaja huku kuufungua mafundo. Vipande vya kamba vinatakiwa vitupwe, ng'ombe asije akameza. Mimi navitia mfukoni. Mfuko wa koti umejaa, na mzee hajauliza.

Sasa nyinyi mnaitazama mbingu mkiomba vuli isichelewe, maana kwetu vuli ndiyo mvua ya kutegemea. Huku wingu likipita mzee anatukana. Mwaka 2022, ng'ombe walipokuwa wakianguka mashambani kwa ukame, robota moja lingekuwa dhahabu, na zile nyasi zote za mvua njema zilizotangulia tulikuwa tumeziacha zikauke zisimame, tukisema Mungu ataleta nyingine. Baba Mdogo, mvua ikija, msiziache. Kateni zinapoanza kuchanua, anikeni siku mbili tatu mkigeuza, fungeni, wekeni juu ya mbao chini ya bati, na pembeni paachwe wazi hewa ipite.

Pesa nitatuma kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Ni za mbao, bati na boksi. Si za sare za harusi ya binamu. Mama, najua unacheka, na najua sare zimeshapelekwa kwa fundi.

Mwanenu