Jinsi ya Kumfanya Mjapani Aongee Kiswahili

Weka kamusi pembeni, kaa kitako, uitazame anime yako yote mpaka mwisho. Unacheka? Wapo wanaoanza kutafsiri sehemu ya kwanza bila kujua kinachotokea katika ya sita, wakamfichua muuaji kabla ya polisi.

Chukua anime ya Naruto. Mhusika Haku, akichuma mitishamba msituni, anakutana na Naruto mwenyewe, na kijana wa watu anaamini anaongea na msichana, hadi Haku mwenyewe atamke kuwa ni mvulana. Katika mambo kama haya mfasiri wa Kiingereza jasho humtoka, maana akisema "he" au "she" amekwisha kueleza ni wa kiume au wa kike. Sisi tuna "amekuja", "amesema", tumemaliza. Bahati hiyo usiitupe kwa kuchomeka "yule binti" pasipo na haja.

Pili, heshimu chakula cha watu. Pokémon ilipofika Marekani mwaka 1998, sauti za Kiingereza zilizotengenezwa na kampuni ya 4Kids zilimfanya mhusika Brock ayaite matonge yake ya wali, onigiri, kuwa ni donati za jeli. Na huku mtazamaji anayaona: meupe, pembe tatu, yamevishwa mwani. Mtoto ana macho! Wewe neno tonge unalo tangu utotoni, na mwani wanaulima kwenye vijiji vya pwani vya Paje na Jambiani. Andika "tonge la wali", usonge mbele.

Sasa kazi yenyewe. Kijapani kina "mimi" nyingi, na kila moja inamtaja msemaji kwa namna yake. Katika Your Name, filamu ya Makoto Shinkai ya mwaka 2016, Mitsuha, msichana wa kijijini, anaamka ndani ya mwili wa Taki, mvulana wa Tokyo. Anajieleza kwa rafiki za Taki shuleni akianza na "watashi", wanamkodolea macho. Anajaribu "watakushi", wapi! "Boku", bado. Anapofikia "ore" wanaridhika, kwa kuwa ndivyo Taki anavyojiita. Ukiandika "mimi" mara nne, umekiua kichekesho na umemwibia mtazamaji. Ningeanza na "mwenzenu", yenye sauti ya dada wa barazani, nipite "mtumishi wenu", kisha "mie", nitue kwenye "mshkaji wenu". Mwenye jibu bora alilete, nitalipokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo, kata maneno bila huruma. Netflix hutaka manukuu yasizidi mistari miwili, wala yasikae kwenye skrini zaidi ya sekunde 7. Kiswahili kimekurahisishia: "hawatakusubiri" ni neno moja, na ndani yake wamo wanaoondoka, wakati wao, na wewe unayeachwa. Ukiandika "wao hawatakusubiri wewe" unampotezea mtu nafasi ya kuuona uso wa anayelia, na uso ule kuna mchoraji aliukeshea.

Ukimaliza, mwite mtu asiyejua Kijapani hata chembe, atazame mbele yako, nawe ukae kimya. Akigeuka kukuuliza "kasemaje?", mstari huo urudie. Nanyi mnaoagiza kazi hizi, jina la mfasiri liwekeni mwishoni pamoja na majina ya wachoraji, na mumlipe kwa wakati.