Mjomba Kasajiliwa Chuo Kikuu

Mwongozo wa kutumia maktaba ya chuo ukiwa nyumbani uko kwenye tovuti ya maktaba, na tovuti ya maktaba, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hufunguka vizuri ukiwa chuoni. Ukiwa nyumbani utaona kiduara kinazunguka mpaka bando linakata. Mimi naishi Kibamba, mchana nafundisha historia sekondari, jioni ni mwanafunzi wa uzamili, na chuoni nafika Jumamosi nikijaliwa. Kwa hiyo mwongozo niliupata WhatsApp, picha aliyonipigia mwanafunzi mwenzangu anayekaa hosteli. Picha nzuri, haina kivuli, ila kidole gumba chake kimekaa sawia juu ya namba ya poti. Zinasomeka tarakimu tatu, 808, halafu ukucha wa rangi ya zambarau.

Wala sikuwa natafuta siri ya serikali. Ni makala ya zamani kuhusu vigae vya vyungu vilivyofukuliwa Kilwa Kisiwani, kwenye jarida la Azania, lililoanza kutoka mwaka 1966 chini ya British Institute in Eastern Africa ya pale Nairobi. Siku hizi mchapishaji wake ni Taylor & Francis wa Uingereza. Basi vigae ni vya Kilwa, mchimbaji alilala Kilwa na bila shaka alikula pweza wa Kilwa, lakini mtu wa Kibamba akitaka kuvisoma anatajiwa bei kwa dola. Nilipiga hesabu kwa shilingi nikaona heri nipande basi nikavitazame vyenyewe.

Na chuo kilishalipa! Ndicho kinachouma. Maktaba za vyuo vya hapa zina muungano wao, COTUL, ili zinunue majarida kwa pamoja, na sehemu ya ada yangu imo humo. Tatizo ni kwamba mchapishaji hanijui kwa jina wala kwa stakabadhi ya ada. Anachokijua ni anwani ya IP, zile namba nne zenye nukta katikati, kila moja kuanzia 0 hadi 255, ambazo chuo kimemkabidhi orodha yake. Ukiwa ndani ya orodha, karibu. Mtu aliyeingia maktaba kukwepa mvua, akikaa kwenye kompyuta ya pale, anafunguliwa Azania yote bila kuulizwa. Mimi ninayedaiwa muhula wa pili, kwa bando la simu, ni mpita njia.

Proksi ndiyo dawa yake. Ichukulie kama harusi ya kadi: kadi huna, lakini ndugu yako yuko ndani, na ndiye anayekupitishia sahani ya pilau juu ya ukuta. Kivinjari kinamwomba proksi, proksi yuko chuoni na anwani yake inatambulika, anaomba kwa mchapishaji, anapewa, anakuletea. Kinachotakiwa ni wewe tu kukieleza kivinjari ndugu huyo anapatikana wapi na kwa poti ipi.

Kabla ya kuhangaika na ukucha, nilipiga simu dawati la msaada.

"Shikamoo mama. Kwani inakuandikiaje?"

"Marahaba. Haiandiki kitu. Inazunguka."

"Ngoja nijaribu na mimi." Nikasikia anabonyeza. "Mbona huku inafunguka?"

"Huku wapi?"

"Ofisini."

"Na ofisi iko wapi, mwanangu?"

Akanyamaza kidogo. "Chuoni, mama."

Kijana wa watu ana adabu na simlaumu. Lakini mfumo wa watu wa nje ukijaribiwa na watu wa ndani, utaendelea kuwa mzima mpaka kiama. Alinishauri nifute vidakuzi, nizime niwashe, na nibadilishe nenosiri kwa kuwa huenda limeisha muda. Kiungo cha kubadilisha kilitumwa kwenye baruapepe ya chuo. Baruapepe ya chuo inafunguliwa kwa nenosiri lilelile. Hilo lilingoja Jumamosi.

Nikarudi kwenye picha. Maelekezo yote yalionyesha Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft yenyewe ilikistaafisha Juni 15, 2022. Laptopu yetu ina Chrome, na Chrome haina chumba chake cha proksi: ukibonyeza kwenye mipangilio inakupeleka kwenye mipangilio ya kompyuta nzima. Utakachoandika hapo hakiishii kwenye masomo yako. Poti nilijaza 8080, kwa kuwa ndiyo wanayoipenda watu wa proksi, na ule ukucha nao ulikuwa na umbo la sifuri.

Ikakubali! Kikatokea kisanduku cha kijivu kinachotaka namba ya usajili na nenosiri, nikajaza, na Azania ikafunguka na vigae vyake, vimechorwa kimoja kimoja kwa wino, kila mdomo wa chungu na kipimo chake. Nilisoma mpaka saa sita usiku. Sikujua kwamba nyumba nzima imeshahamia chuoni.

Wa kwanza kugundua alikuwa baba watoto. Jumapili asubuhi, amevaa msuli na singlendi, kaweka chai pembeni, anafungua marudio ya mabao ya Yanga. Kioo kikamjibu kwamba maudhui hayo hayaruhusiwi na sera ya matumizi ya mtandao wa chuo. Aliisoma kwa sauti, akageuka kunitazama.

"Chuo gani?"

Nilijaribu kumweleza habari za anwani na orodha. Alisikiliza kwa subira ya mtu ambaye mabao yake yanapoa, kisha akataka kujua ni lini sebule yake iliwekwa chini ya utawala wa mkuu wa chuo.

Mjomba ndiye aliyelipokea vizuri. Mjomba wangu ametoka Kilwa Kivinje kuja kliniki ya macho, na kila asubuhi husoma magazeti kwenye laptopu yetu kwa sababu herufi zake zinakuzwa. Ni mstaafu wa serikali, na fomu yoyote mbele yake huijaza kikamilifu. Kisanduku kilipomtaka namba ya usajili hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu, namba yangu ya usajili ni ipi?"

Nikampa yangu. Akaiandika nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na nenosiri, kwa herufi kubwa (wenye sera za usalama wanisamehe, herufi ndogo hazioni). Tangu hapo kila alfajiri anavaa miwani, anajisajili chuo kikuu, anasoma matangazo ya vifo, anafunga.

Kinachokera ni kwamba balaa hili lina tiba ya siku nyingi. Mwaka 1996 Netscape walishaleta faili dogo linalokiambia kivinjari kurasa zipi zipitie kwa proksi na zipi ziende zake, mabao ya Yanga yakiwemo. Mwaka 1999 Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja Arizona, akatengeneza EZproxy, ambayo hata kivinjari haikigusi: unabonyeza kiungo cha maktaba, unajitambulisha, unasoma. Chuo chetu kimebaki na picha za Internet Explorer.

Mwishowe niliweka Firefox, ambayo ina mipangilio yake ya proksi isiyomgusa mtu. Nikamwingiza ndugu wa pilau humo, nikaiachia familia Chrome yao. Mabao yakarudi, amani ikarudi.

Mjomba akaja jikoni na laptopu mikononi, uso umemshuka. Gazeti limefunguka bila kumwuliza chochote.

"Wamenifuta?"

Kumtuliza nikamfungulia Firefox, akajaza namba yake, nikamwonyesha makala ya vigae. Akakuza mchoro, akautazama kwa karibu sana.

"Haya magae si yako tele kule kisiwani? Tulikuwa tukiyarusharusha baharini tukiwa wadogo. Mzungu kayaandikia kitabu?"

"Makala, mjomba. Na inauzwa kwa dola."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu taratibu, akaivaa tena.

"Sawa. Na sisi tulio chuoni, boom linatoka lini?"