Namna ya Kuanika Ugonjwa Wako Bila Kutoka Jasho

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema umfichulie nani, na pengo hilo ndilo linalozibwa na mwongozo huu. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwema asiye na hiana, anayeamini kwamba siri ya mgonjwa huvuja pale tu mdukuzi wa ng'ambo anapoingia kwenye kompyuta za hospitali. Wadukuzi wapo, hatubishi. Huko Ufini, mwaka 2020, aliyeiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, akiwadai euro 200 ili asiwaumbue. Lakini mdukuzi anatoza. Sisi tunatoa bure.

1. Anzia dirishani

Fika mapokezi asubuhi, foleni ikiwa imeshiba. Mhudumu akikuuliza kwa sauti ya mnadani, "Unasumbuliwa na nini?", mjibu kwa sauti hiyohiyo. Usimsogelee, wala usimwambie kwamba utamweleza daktari. Taja imeanza lini, sehemu gani, na kama mwenzio nyumbani naye anajikuna. Aliye nyuma yako ni jirani wa shangazi yako. Amekaa pale tangu alfajiri bila redio. Usimnyime taarifa ya habari.

Kama kliniki yako ina siku yake maalumu na kadi yake maalumu, ishike mkononi, jina likitazama nje.

2. Pitia steshenari

Majibu ya maabara yakiingia kwenye simu, mrushie kijana wa steshenari akuprintie. Kijana huyo ndiye anayeprinti barua za kazi, vyeti vya kuzaliwa na kadi za harusi za kata nzima, na kompyuta yake haijawahi kufuta kitu. Usiwe wa kwanza kumwomba afute. Kopi ikitoka na doa, iache mezani. Upande wa pili ni mweupe, itafaa kufungia vitumbua.

3. Libariki grupu la ukoo

Ba'mkubwa akilazwa, piga picha ripoti nzima: jina, umri, namba ya faili, ugonjwa, dawa. Ibandike kwenye grupu, na chini yake weka namba ya kutuma michango. Wapo wanaodhani ingetosha kuandika, "Ba'mkubwa amelazwa, tumepungukiwa laki tatu." Hao hawaujui ukoo wetu, ambao hautoi hata buku bila kuona ushahidi. Mgonjwa mwenyewe usimuulize, kalala. Ikigonga saa nne usiku, ripoti itakuwa imefika kwenye grupu la kikoba, la wanakwaya na la waliomaliza naye darasa la saba. Michango itakuwa bado haijatosha, ila ushauri wa mizizi utakuwa umevuka lengo.

4. Mzidishie mwajiri

Karatasi ya mapumziko kazi yake ni kumwambia bosi kwamba unapumzika siku ngapi. Ni fupi mno kwa mtumishi mwaminifu. Ambatanisha majibu ya vipimo, na picha ya eksirei kama unayo. Ofisa utumishi ataviweka kwenye faili lako. Siku ya kupandishana vyeo hakuna atakayeitaja karatasi ile, kwa kuwa kila aliye mezani ameshaisoma.

5. Ambia simu kwanza

Pakua programu ya kuhesabu siku za hedhi na ubonyeze "nakubali" kabla kidole hakijapoa. Mwaka 2021, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwabana wenye programu ya Flo, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 100. Walikuwa wameahidi kutunza siri, huku habari za hedhi na ujauzito zikipelekwa kwa kampuni kama Facebook na Google. Mume hajaambiwa, mama mkwe hajahisi, na muuza matangazo ameshajua.

6. Ridhika ukiambiwa "majina tumeyaondoa"

Katika miaka ya 1990, taasisi ya bima ya watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts iligawa kumbukumbu za matibabu kwa watafiti, majina yakiwa yameondolewa. Gavana William Weld akawatoa watu hofu. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa MIT, akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Humo, waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa 6. Kati yao wanaume walikuwa 3, na aliyeishi katika eneo lake la posta alikuwa mmoja. Sweeney akamtumia gavana kumbukumbu zake ofisini.

Kwetu hata dola 20 ni israfu. Andika tu "mwalimu wa hisabati, mwanamke, miaka 41, sekondari ya kata", kisha mpe karatasi hiyo dereva wa bodaboda yeyote. Atakupeleka hadi mlangoni.

7. Muunge mkono kila mwenye nia njema

Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliagiza ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na VVU, eti wapate huduma. Majina yakae kwenye makabati ya serikali, nani angeyachungulia? Watu wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo linakiuka katiba. Usiige mfano wao. Mtu akija na fomu na tabasamu, jaza.

Tahadhari

Mwongozo huu huharibika upesi ukichanganywa na sheria. Kwa hiyo, ukiwa Tanzania, kaa mbali na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziita habari za afya taarifa nyeti, na nje ya matibabu yenyewe na sababu nyingine chache, inadai ridhaa yako ya maandishi. Tena ina Tume yake, na Tume hupokea malalamiko. Vilevile isahau sheria ile ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayosema majibu ni ya aliyepimwa. Na kwa vyovyote vile usimwulize mwenye fomu, "Ya nini, na ataisoma nani?" Wengine hujibu vizuri na kupunguza sauti. Wengine hugundua kwamba hawakuwa na haja nayo.

Matokeo

Ukishafuata hatua zote saba, utaanza kupanda basi la alfajiri kwenda kuchukua dawa wilaya ya tatu, dawa ambazo zahanati ya jirani inazo. Miezi ikizidi, nauli itakushinda na utaacha. Siku ukiletwa umebebwa, daktari atakuuliza ulianza kuumwa lini. Huyo sasa, peke yake katika kata nzima, ndiye utakayemficha.