Pange, Bundi na Nyuki wa Athens

Hapo zamani za kale, wanyama wa Athens walijitawala wenyewe. Walikusanyika kilimani, kila mmoja akasema lake, kisha wakapiga kura. Miongoni mwao aliishi Pange, mdudu aumaye farasi, ila yeye aliuma kwa maswali. Akimsikia Jogoo akijisifia ushujaa, alimuuliza: "Ndugu yangu, ushujaa ni nini?" Jogoo akababaika mbele ya vifaranga wake. Wanyama wakachoka. Wakamshtaki, wakahesabu kura, wakamnywesha sumu.

Huyo ndiye mwanafalsafa Socrates, aliyejifananisha mwenyewe na mdudu huyo mbele ya mahakama, mwaka 399 KK.

Mwanafunzi wake Bundi, yaani Plato, alilia sana, kisha akasema: "Wengi wamemuua mwenye haki. Basi watawale wenye hekima, lakini wasimiliki nyumba wala dhahabu." Akayaandika hayo kwenye gome la mti.

Nyuki, ndiye Aristotle, alisoma kwa Bundi miaka 20. Bundi alipofariki, Nyuki na wanafunzi wake wakakusanya katiba za vijiji 158. Akafundisha: "Hata mwenye hekima ana hasira na tamaa. Itawale sheria, na mtawala awe mlinzi wake." Akaona pia kwamba kila dola ina wanaoshauriana, wenye vyeo na mahakimu.

Karne zikapita. Korongo akalibeba gome la Bundi hadi Baghdad, ambako mwanafalsafa al-Farabi alilitafakari, akaandika juu ya mji mwema. Huko Cordoba, mwanafalsafa Ibn Rushd hakukipata kitabu cha Nyuki cha siasa, akafafanua cha Bundi. Karne ya 13 kitabu cha Nyuki kikafasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya. Mwaka 1748, mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu akataka kutunga sheria, kuitekeleza na kuhukumu visishikwe na mkono mmoja.

Lakini kila Simba, yaani mtawala, aliyelisoma gome alijiona ndiye mwenye hekima, akauruka mstari unaokataza kumiliki dhahabu. Akaiweka sheria ya Nyuki ukutani, na Pange wote akawafukuza.

Funzo ni hili: sheria haiwezi kumuuliza Simba kwa nini ameivunja, lazima awepo wa kuuliza. Ukitaka kujua kama kijiji kimeirithi hekima ya Athens, usihesabu vitabu vyake. Tazama anavyotendewa mwenye swali.