Kozi Zimepangwa Ukutani

Mtoni kwa Aziz Ali tumepata injinia. Wino wa barua ya udahili haujakauka. Kozi za miaka minne zote keshazipanga ukutani kwa kalamu za rangi: hesabu njano, umakanika kijani, za hiari nyekundu. Sapu, yaani mtihani wa marudio, haina rangi. Foleni ya Barabara ya Kilwa nayo haina, ingawa kipindi cha saa moja asubuhi kiko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa pili wa jiji. Uhandisi pale unafundishwa tangu 1973, na kozi za mwaka wa kwanza, takriban zote za lazima, wenyewe walishazipanga. Nani amwambie? Shangazi yake anampa moyo. “Panga tu, baba,” huku akimsogezea pasi iliyoungua waya, “ila hii naitaka kabla ya Ijumaa.”