Mwandika Kodi

Nilipomaliza shahada ya sayansi ya kompyuta, mama aliniuliza hasa nitakuwa nafanya kazi gani. Nikamjibu kama tulivyozoea kusema chuoni: "Naandika kodi, mama." Habari zikamfikia mjomba, mwenye duka la vitenge Kariakoo. Tangu siku hiyo kila nilipompigia simu alikuwa safarini.

Ndugu wengine waliielewa fani yangu kwa upana zaidi: fundi wa ving'amuzi, mfufua simu zilizotumbukia ndooni. Shangazi alikuwa akiniita hata kumwingizia tarakimu 20 za umeme wa Luku, eti mimi ndiye niliyesomea namba.

Waajiri nao walitaka mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Nilidhani ni vituko vya Dar es Salaam tu, hadi niliposoma kisa cha Sebastián Ramírez, Mkolombia aliyeunda FastAPI, zana ya waandika programu. Mwaka 2020 alikutana na tangazo la kazi lililodai uzoefu wa miaka minne na zaidi wa FastAPI, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameiunda mwaka mmoja na nusu tu uliopita. Ikiwa baba mzazi hatoshi, mimi niliyekuja kumwona mtoto ningefaa wapi?

Hatimaye nikaitwa kwenye usaili, Kijitonyama. Nilipanda daladala Mbagala nikiwa na koti la kaka, mikono yake ikinifika kwenye vidole. Nikapewa kalamu na ubao: andika programu ihesabu 1 hadi 100, namba ikigawanyika kwa 3 itoe Fizz, kwa 5 Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Katika fani yetu hilo ni swali la chekechea. Mimi ni mtu niliyetengeneza mfumo mzima wa maktaba! (Tulikuwa wanne. Mmoja alitengeneza, sisi tukaandika majina kwenye jalada.)

Nikaandika haraka, nikasimama pembeni kama mganga aliyemaliza kuagua.

"Kumi na tano itatoa nini?"

"FizzBuzz," nikajibu.

Msaili akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kikaishia kwenye sharti la kwanza kabisa, pale nilipouliza kama namba inagawanyika kwa 3.

"Itatoa Fizz, itaondoka," akasema. "Huko chini haifiki."

Kiyoyozi kikavuma peke yake. Ndipo katibu muhtasi akaingia akihema: printa imegoma, na barua ya zabuni inatakiwa kabla ya saa sita. Nikainuka bila kutumwa, maana mazoea ya nyumbani hayaombi ruhusa. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikavuta karatasi iliyokunjamana kama chapati ya jana. Printa ikakohoa, ikatoa barua.

Nikaambiwa nianze Jumatatu, kwa majaribio.

Sasa ni mwaka wa pili naandika programu pale, na sharti la zote mbili huwa naliweka juu. Mjomba naye amerudi kutoka safarini. Juzi kanipigia mwenyewe: mashine yake ya EFD haitoi risiti.