Kikaratasi Mezani: Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Baraza la Mawaziri la Uingereza

Kwa Ofisi Tukufu ya Baraza la Mawaziri,
70 Whitehall, London.

YAH: KUWARUDISHA WATU KAZINI KABLA YA KURUDISHA WAYA

Ofisi Tukufu ipokee salamu za wasomaji wa Kiswahili, ambao babu zao walifundishwa na watawala wa Kiingereza kwamba serikali ni faili, na kwamba faili hukaa masjala hadi liitwe. Kwa heshima ya ualimu huo wa zamani, si vibaya wanafunzi wakamtumia mwalimu pongezi zao kwa namna alivyowarudisha watumishi wake ofisini baada ya UVIKO-19.

Pongezi za kwanza ziende kwa Mheshimiwa Jacob Rees-Mogg, aliyekuwa na cheo cha Waziri wa Fursa za Brexit na Ufanisi wa Serikali. Aprili 2022 alipita katika ofisi za Whitehall akakuta viti vitupu. Waziri mwingine angeuliza kulikoni. Yeye aliacha vikaratasi juu ya meza: anasikitika kwamba alipopita mhusika hakuwepo, na anatarajia kumwona ofisini hivi karibuni. Chombo kilichochaguliwa kinastahili kutazamwa mara mbili. Katika kipindi ambacho serikali nzima ilikuwa imejifunza kuzungumza kwa skrini, Waziri wa Ufanisi alimwandikia mtu asiyekuwepo, kwa karatasi, kisha akaiacha palepale ambapo mtu huyo hayupo.

Vikaratasi havikwenda peke yake. Mawaziri wenzake walitumiwa msimamo wa ligi: nani amejaza ofisi, nani hajajaza. Wizara ya Biashara ya Kimataifa ilikaa kileleni kwa asilimia 73, Wizara ya Elimu ikaburuza mkia kwa asilimia 25. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Nadhim Zahawi, hakutaka aibu hiyo. Akaagiza watu warudi, wakarudi. Mwezi Mei vyombo vya habari vikaeleza kilichofuata: wizara ilikuwa na watumishi wapatao 8,000 na meza zipatazo 4,200. Watu wakaanza kuchapa kazi kwenye korido na kantini.

Msomaji wa Tandale au Kibera, aliyesoma darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, asamehewe akitabasamu kidogo. Kumbe hata wizara inayosimamia shule za Uingereza inaweza kuwa na uhaba wa madawati.

Tena uhaba huo haukuanguka kutoka mbinguni. Miaka mingi kabla ya janga, serikali ilikuwa ikipunguza majengo na kupanga meza chache kuliko watu, kwa hesabu kwamba kila siku kuna walio safarini, walio likizoni na walio nyumbani. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi mpaka siku lilipotoka agizo la watu wote kuja.

Hata hivyo meza ni mbao tu, hununuliwa. Ugumu upo kwenye vilivyo juu yake. Ofisi ya kabla ya 2020 ilijengwa kwa ajili ya simu ya mezani, barua pepe na chumba cha mkutano chenye meza ndefu. Watu waliorudi walikuwa na kazi nyingine kabisa: mikutano ya video kutwa nzima, nyaraka zinazohaririwa na watu watano kwa wakati mmoja, na wenzao waliotawanyika nchi nzima. Mtandao uliotosha watu mia wanaosoma barua pepe hautoshi watu mia wanaoonyeshana nyuso.

Chumba cha mkutano ndicho kinachosema ukweli wote. Sita wamo ndani, watano wako mbali. Kila mmoja wa wale sita anafungua laptopu yake, vipaza sauti vinasikilizana, na chumba kizima kinapiga mluzi. Basi zinafungwa zote, inabaki moja. Walio mbali sasa wanaona kiwiko cha mmoja na upara wa mwingine, na mkurugenzi wanamsikia kama yuko chini ya kisima. Mwisho wanakata shauri la busara: kila mtu arudi mezani kwake, avae visikilizi, aingie mkutanoni kwa skrini huku mwenzake ameketi hatua mbili kutoka hapo. Hilo angeweza kulifanya sebuleni bila nauli ya treni.

Na hao walio mbali si watoro. Serikali hiyohiyo iliahidi kuhamisha nafasi 22,000 kutoka London ifikapo 2030, na Hazina yenyewe ikatangaza mwaka 2021 kwamba itafungua kituo kikubwa Darlington, kaskazini mwa nchi. Sera moja inawatawanya watu, nyingine inawahesabu kwenye makao makuu, na kati ya sera hizo mbili hakuna aliyekumbuka kufunga kamera na vipaza sauti vya maana. Kweli, mwaka 2021 na 2022 dunia nzima ilikuwa na uhaba wa chipu, na vifaa vilichelewa kila mahali. Lakini msimamo wa ligi hauhitaji chipu nyingi. Kadi ya mlangoni inatosha.

Ofisi Tukufu pia inajua kero ya programu zisizopatana, maana yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa mteja wa Google wakati wizara nyingi zikitumia Microsoft. Kwamba uongozi wa juu ulihitaji mafunzo kidogo ilionekana tarehe 31 Machi 2020, pale Waziri Mkuu Boris Johnson alipotangaza kwa fahari mkutano wa kwanza wa baraza kwa njia ya video, akaweka hadharani picha ya skrini yake ikiwa na namba ya utambulisho ya mkutano wenyewe.

Ni Johnson huyohuyo aliyeeleza, Mei 2022, kwa nini kazi ya nyumbani haiendi: mtu huinuka polepole kwenda jokofuni, hukata kipande kidogo cha jibini, hurudi polepole, kisha husahau alikuwa akifanya nini. Ushahidi huo wa jibini ulitolewa mwezi uleule uliotangazwa mpango wa kupunguza watumishi 91,000, ambao nao ungeumaliza uhaba wa meza mara moja kama usingefutwa kabla mwaka haujaisha.

Kumbukumbu za serikali zinaonyesha mahali pengine kazi ilipopotelea. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 katika Uingereza hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Majibu ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Mstari unaofuata hauna pa kukaa, basi hutupwa kimyakimya. Muundo mpya unaobeba mistari zaidi ya milioni moja ulikuwepo tangu 2007. Jibini halikuhusika.

Mambo hayajatulia tangu hapo. Januari 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliripoti kwamba wizara zilikuwa na mifumo ya kompyuta iliyopitwa na wakati isiyopungua 228. Mapitio ya serikali yenyewe ya mwezi huohuo yalikadiria kwamba mifumo ya aina hiyo ilifika asilimia 28 ya mifumo yote ya serikali kuu mwaka 2024, kutoka asilimia 26 mwaka uliotangulia. Asilimia nyingine maarufu, ile ya 60 ya muda wa kazi ambao mtumishi anatakiwa awe ofisini, ilitangazwa Novemba 2023. Hiyo ndiyo inayofuatiliwa kwa bidii.

Ombi la barua hii ni dogo. Ofisi Tukufu ichapishe msimamo wa ligi wa pili kando ya ule wa mahudhurio. Kwa kila jengo uonyeshe soketi zinazofanya kazi kwa kila mtu aliyeagizwa kuja, vyumba vya mikutano ambamo aliye Darlington anasikika bila kupiga kelele, dakika ambazo kompyuta inachukua kuwaka asubuhi, na umri wa mfumo mkongwe kuliko yote. Wizara itakayoburuza mkia isiachiwe kikaratasi, ipelekewe fundi.

Jibu lije kwa njia yoyote itakayokuwa inafanya kazi siku hiyo. Likija kwa Excel, tafadhali lisizidi mistari 65,536.